Msimpumzishe Kiswahili: mtoto mwenye disleksia na shule yetu ya Jumamosi



Karibu kila muhula, wiki mbili tatu baada ya mikutano ya wazazi katika shule zenu za kawaida, tunapokea ujumbe wa simu wa namna hii: “Mwalimu, samahani. Mtoto anapata shida ya kusoma Kiingereza. Tumeonelea tumpumzishe Kiswahili mpaka akae sawa, kisha tutamrudisha.” Ujumbe huja kwa adabu na kwa uchungu, nasi tunaujibu kwa adabu vilevile. Lakini katika wale waliopumzishwa, waliorudi ni wachache. Mmoja aliporudi baada ya miaka mitatu, hakuweza tena kuzungumza na bibi yake kwenye simu bila mama kukaa katikati akitafsiri. Na Kiingereza chake cha kusoma? Kilikuwa palepale.

Kwa hiyo leo tuzungumze kuhusu disleksia, na kwa nini kumwondolea mtoto Kiswahili hakuitibu.

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno kwa usahihi na kwa wepesi. Chanzo chake kikubwa kipo katika namna ubongo unavyozishika sauti ndogondogo za lugha na kuzifunga na herufi. Si uvivu, si ukosefu wa akili, na hakuna mtu aliyemtazama mtoto kwa jicho baya. Shirika la disleksia la Uingereza linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya kumi anayo kwa kiasi fulani. Hutembea katika ukoo pia. Baba mmoja alikuja kutuuliza habari za mwanawe, tulipomtajia dalili alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, huyo mnayemwelezea ni mimi.”

Wengi wetu tuliosoma nyumbani Afrika Mashariki tulikuwa na mwenzetu kama huyo darasani. Anajua hesabu za dukani kuliko mwenye duka, akiona sinema mara moja anaisimulia yote, lakini akiitwa asome kwa sauti darasa zima linacheka na fimbo inafuata. Tulimwita mzito. Hatukuwa na neno lingine.

Madaktari wa hapa nao walichelewa kulipata. Mwaka 1896 daktari wa mji wa Seaford, kusini mwa England, aitwaye Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Alikuwa kijana mwerevu, mchangamfu, hodari wa michezo. Hesabu zilikuwa hazimshindi. Lakini baada ya miaka ya kufundishwa alikuwa bado hawezi kusoma, na hata jina lake mwenyewe aliliandika Precy bila kuona kosa. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yangefundishwa kwa mdomo tu, Percy angekuwa wa kwanza shuleni. Maneno ya mwalimu huyo yashikeni, tutayarudia.

Kiingereza, Kiswahili na herufi

Kusoma si kazi ileile katika kila lugha. Kwa Kiingereza, herufi nne za “ough” zina sauti moja katika through, nyingine katika cough, nyingine katika though. Mtoto hawezi kutegemea herufi peke yake; lazima akariri. Kwa Kiswahili, a ni a Jumamosi na Jumapili. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake. Tukishajua ba be bi bo bu, tumekwisha kusoma neno “babu” lote na neno “bibi” lote.

Tofauti hiyo imepimwa. Mwaka 2003 watafiti walioongozwa na Philip Seymour walilinganisha watoto wa nchi nyingi za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kusoma. Watoto wa Kifini, Kigiriki, Kiitaliano na Kijerumani, ambao tahajia zao zinafuata sauti, walisoma kwa usahihi zaidi ya maneno 9 kati ya 10 ya kawaida. Watoto wa Scotland waliokuwa wakisoma Kiingereza walipata kama theluthi moja tu. Haikuwa kosa la watoto wala la walimu wao, ni lugha yenyewe inayodai muda mrefu zaidi. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti huo, lakini kwa tahajia yake kipo upande wa Wafini na Waitaliano.

Kuna kisa kingine ninachopenda kuwasimulia wazazi. Mwaka 1999 Taeko Wydell na Brian Butterworth walichapisha habari za kijana aliyekulia Japani, ambaye wazazi wake walizungumza naye Kiingereza nyumbani. Kijana huyo alisoma Kijapani vizuri kama wanafunzi wa chuo kikuu. Kiingereza, lugha ya wazazi wake, alikisoma kwa shida kubwa. Kwa Kiingereza alikuwa na disleksia. Ubongo ni mmoja, mtoto ni mmoja, lugha mbili zikamdai vitu viwili tofauti.

Sasa tusije tukafurahi kupita kiasi. Kiswahili hakiondoi disleksia, na wakati mwingine kinaificha. Mwaka 2001 watafiti walipowachunguza watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza, Waitaliano walikosea kidogo kuliko wenzao, lakini picha za ubongo zilionyesha upungufu uleule wa kazi katika sehemu ileile ya upande wa kushoto. Kwa lugha kama yetu, shida haionekani sana katika makosa. Inaonekana katika mwendo. Mtoto anapata neno, lakini analipata kwa kulikokota, silabi baada ya silabi, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka.

Na Kiswahili kina mtego wake: urefu wa maneno. Kiingereza kingetumia maneno matano mafupi kusema kile tunachokisema kwa neno moja, “hawakutuambia”. Hilo ni neno la silabi saba. “Atakapowarudishia” lina tisa. Mtoto mwenye disleksia huanza vizuri, akachoka katikati, akabahatisha mwisho. Ukimsikiliza kwa makini utamsikia akisoma “anakuja” palipoandikwa “anapokuja”, kila mara, kwa sababu ile “po” imemezwa. Katika maandishi yake “kitabu” kinakuwa “kibatu”, “mbuzi” anakuwa “buzi”, “ng’ombe” anakuwa “ngobe”.

Hapa lazima niwatahadharishe, maana mzazi akisoma orodha ya dalili humwona mwanawe ndani yake papo hapo. Mtoto yeyote anayeanza huandika “buzi”. Tunachotazama ni yule ambaye wenzake wamekwisha kuvuka naye bado yupo pale, mwezi hadi mwezi, ingawa amefundishwa na anajitahidi. Pia msichanganye disleksia na Kiingereza kinachoingia. Mtoto aliyeandika “seemba” badala ya “simba” ametumia kanuni za shule yake ya kila siku, na amezitumia vizuri sana. Aliyeliona neno “pole” akalisoma kama mlingoti wa bendera, au “wake” akalisoma kama kuamka, naye vilevile. Hao wanahitaji kukumbushwa tu kwamba wamevuka mpaka, sasa wapo upande wa Kiswahili. Na anayeandika “kura” badala ya “kula” huenda anaandika kama anavyosikia nyumbani. Wapo wazee wetu wengi wanaobadilishana l na r, na hakuna daktari anayehitajika.

Jambo moja zaidi kabla ya kwenda mbele. Jiulize: mtoto wangu anaelewa na kusimulia vizuri kwa mdomo, walau katika lugha moja? Mwenye disleksia mara nyingi huweza. Lakini ikiwa mazungumzo yenyewe yanamsumbua, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia, hakumbuki maneno ya kawaida, hafuati maagizo mafupi, basi huenda ni shida ya lugha yenyewe, na anayehitajika ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Mtaalamu huyo mwelezeni habari za lugha zote mbili. Akikagua Kiingereza peke yake, ameona nusu ya mtoto.

“Acheni kumchanganya”

Ushauri wa kuacha lugha ya nyumbani huja kutoka kwa watu wenye nia njema: jirani, ndugu, wakati mwingine mtu mwenye kitambulisho shingoni. Lakini lugha mbili hazisababishi disleksia. Mtoto aliyeacha Kiswahili anabaki na ubongo wake uleule, amepoteza tu lugha ambayo herufi zake ndizo rahisi zaidi kwake, na pamoja nayo ameagana na babu, bibi, shangazi na binamu.

Wakati huohuo kuna kosa la upande wa pili, nalo ni la hatari vilevile: kusubiri. “Anazungumza Kiswahili nyumbani, ndiyo maana, atazoea.” Mwaka unapita, mwingine unapita. Sheria ya watoto na familia ya mwaka 2014, inayotumika England, inasema katika kifungu cha 20 kwamba mtoto hahesabiwi kuwa na ugumu wa kujifunza kwa sababu tu ya tofauti ya lugha ya nyumbani na ya shuleni. Ni kinga nzuri. Lakini neno kubwa pale ni “tu”. Lugha ya nyumbani haiwezi kuwa jibu la kila kitu. Shule inatakiwa imtazame mtoto kwa pande zote kabla ya kuamua ni lugha au ni jambo lingine. Hapa mzazi una ushahidi ambao shule haina: wewe ndiye unayejua anavyosoma Kiswahili. Ukisema, “Hata Kiswahili, ambacho herufi zake hazibadiliki, anakisoma kwa kukokota kuliko wadogo zake,” umempa mwalimu habari nzito. Tukiombwa, sisi walimu wa Jumamosi tutaandika barua ya ukurasa mmoja kueleza tunachokiona.

Hatua zenyewe si ngumu, zinataka ung’ang’anizi. Kwanza macho na masikio; uchunguzi wa macho kwa watoto ni bure kupitia NHS, na masikio yenye majimaji humfanya mtoto akose sauti bila mtu kujua. Kisha omba kuonana na mratibu wa mahitaji maalumu wa shule, yule wanayemwita SENCO. Kila shule ya kawaida ya serikali lazima iwe naye. Huhitaji kuwa na cheti cha disleksia ndipo mtoto asaidiwe: shule inatakiwa kupima, kupanga, kutenda na kutathmini kufuatana na mahitaji yanayoonekana, na mzazi wa mtoto aliyewekwa katika msaada huo anatakiwa kukutana na shule walau mara tatu kwa mwaka. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona familia ikikopa mamia ya pauni kulipia uchunguzi wa binafsi kabla hata ya kuomba kikao cha bure. Uchunguzi una faida zake, ila si tiketi ya kuingilia mlangoni. Kwa wale wenye mahitaji makubwa zaidi kuna mpango wa EHC unaoombwa halmashauri, ambao kisheria mchakato wake usizidi wiki 20. Kila halmashauri pia ina huduma ya ushauri wa bure kwa wazazi, SENDIASS. Mtihani ukifika, mtoto aliyethibitishwa kuhitaji anaweza kupewa muda wa ziada, mara nyingi robo ya muda wa mtihani. Waliopo Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao, lakini mlango wa kwanza ni uleule: mwalimu wa darasa.

Ombeni mkalimani mkimhitaji. Na tafadhali, asiwe mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa hapaswi kumtafsiria mama yake maneno ya watu wazima kuhusu udhaifu wake. Nimewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo na sitamani kukirudia.

Msipoteze fedha kwa miwani ya rangi na karatasi za rangi zinazosemekana kutuliza herufi. Disleksia si ugonjwa wa macho, na ushahidi thabiti wa vitu hivyo haujapatikana.

Tunavyofanya, na mnavyoweza kufanya nyumbani

Tunaanza na masikio kabla ya macho. Chukua punje za maharage. Sema neno, mtoto aweke punje moja kwa kila silabi: ba-ba, punje mbili, sa-ma-ki, tatu. Mpe “mtu” uone: wengi wa hapa huweka punje moja, kumbe ni m-tu, mbili. Kisha sema “samaki” bila “sa”. “Maki!” Hucheka, na huku kucheka ndiko kunakofanya kazi. Dakika kumi kila siku zinashinda saa nzima ya Jumapili yenye machozi.

Kadi za silabi zinafuata. Mtoto anazisogeza kwa mkono, anajenga “kaka”, anabadilisha kadi moja anapata “kata”, nyingine anapata “taka”. Tunafundisha sauti moja mpya, tunarudi nyuma, tunasonga tena. Wenye disleksia wanahitaji marudio mengi kuliko wenzao, na hapo hakuna njia ya mkato. Sauti za herufi mbili, kama ny, ng na ng’, zina kadi ya rangi yake ili mtoto asizigawe.

Maneno marefu tunayakata kama muwa. Ha-wa-ku-tu-ambia: kipande cha kukataa, kipande cha wao, kipande cha wakati uliopita, kipande cha sisi, na mwisho kiini. Kila kipande kina rangi yake ubaoni. Hapa ule mtego niliousema unageuka kuwa ngazi, kwa sababu vipande ni vilevile katika maelfu ya vitenzi. Mtoto aliyekwisha kuijua “wa” ya wao ataikuta kila mahali.

Nyumbani, someni pamoja kwa sauti, wewe na yeye kwa mkupuo mmoja, kidole chini ya mstari. Akikwama hesabu hadi tatu moyoni, kisha mpe neno. Usimwambie “jana ulilijua hili”. Ndiyo, jana alilijua. Ndivyo disleksia ilivyo.

Wengi wa watoto wetu wana kitu cha tatu: chuo cha Kurani, ambako herufi ni nyingine na zinakwenda kulia kushoto. Mtoto mwenye disleksia huenda akahifadhi sura kwa sikio haraka kuliko wote, kisha akifunguliwa msahafu akakwama. Mwalimu wa chuo asiyejua atadhani anafanya ukaidi. Mwelezeni mapema. Na wiki yenye herufi mpya chuoni si wiki ya kuongeza herufi mpya kwetu. Tuambieni, tutapunguza mwendo.

Halafu kuna lile neno la mwalimu wa Percy. Kiswahili kina shule nzima ya mdomo. Mtu akisema “Kitendawili!” na darasa likajibu “Tega!”, hakuna aliyeshika kitabu. Msichana mmoja darasani kwetu, ambaye akisoma aya moja hutoka jasho, ndiye bingwa wetu wa kutega, na hadithi alizopewa na babu yake kwenye simu anazisimulia mpaka wadogo wanasahau juisi zao. Tunamrekodi, tunamwandikia maneno yake mwenyewe, na hayo ndiyo anayosoma wiki inayofuata. Anayasoma, kwa sababu anajua yanakoelekea.

Sasa nazungumza na wewe mwanafunzi. Mzazi, kama unamsomea, usiruke hapa. Kama herufi zinakuchosha kuliko zinavyowachosha rafiki zako, si kwamba huna akili, na si wewe peke yako katika darasa letu. Huhitaji kusoma kwa sauti mbele ya wote hapa, mpaka wewe mwenyewe uinue mkono. Ukitaka, tutakupa ukurasa siku tatu kabla ili ujizoeze. Ukihitaji kusikiliza kwanza kabla ya kusoma, sema. Ukichoka, sema pia. Wenzako wametembea njia ya tambarare, wewe umepanda mlima kufika palepale. Na mwenzako akicheka, tuletee sisi hilo, usilibebe nyumbani.

Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, meza iliyo karibu na jiko la ukumbi itakuwa ya kusoma wawili wawili, mkubwa na mdogo, kwa dakika 20 kabla ya mapumziko. Tunahitaji wazazi wanne wa kukaa hapo kwa zamu. Lafudhi yoyote inakaribishwa, ya Unguja, Mombasa, Dar es Salaam au Goma. Kadi za silabi zipo seti sita tu. Anayetaka seti ya nyumbani alete karatasi ngumu na mkasi, tutakata pamoja wakati wa chai.